Kazi Zetu za Mchana

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanachama wa taarab, Mjini Unguja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, wageni wetu mliovuka bahari kutoka Wete na Chake Chake kule Pemba, mama zetu, kaka na dada zangu wanachama. Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo moja lililomo katika ajenda, nalo ni pendekezo la kuongeza safu moja katika daftari la wanachama. Daftari letu lina jina la mtu, shehia anayokaa, mwaka aliojiunga, ala anayopiga au sauti anayoimba, na ada aliyolipa. Halina mahali pa kuandika kazi anayoifanya. Mimi napendekeza tuiandike, na kwa kuwa wenzetu kadhaa wameuliza kazi ya mtu inakihusu nini chama cha muziki, naomba mniruhusu nijibu kwa urefu kidogo.

Katika ukumbi huu hakuna anayeishi kwa taarab. Tunakutana baada ya sala ya Isha, kila mtu akiwa ameshatoka kwenye shughuli iliyomlisha siku hiyo. Katika safu ya fidla wamekaa mshoni, muuguzi na fundi bomba. Ganuni yetu, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa ikapigwa, imo mikononi mwa mtu anayeuza vipuri vya magari, na dumbaki, ngoma ya mkono, linapigwa na dereva wa daladala ambaye huwezi kumwona hapa mpaka abiria wake wa mwisho ateremke. Waimbaji wetu ni walimu wa skuli, wapishi, wakulima wa mwani, karani wa mahakama, na mama mmoja ambaye nusu ya mtaa wake hula mandazi yake asubuhi. Haya tunayajua kwa kuonana tu, na ya baadhi ya wenzetu hatuyajui kabisa, ingawa tumekaa nao kiti kwa kiti kwa miaka.

Kuna wanaoamini kwamba hali hii ni upungufu, kwamba muziki wetu ungekuwa mkubwa zaidi kama tungekuwa wanamuziki na si kitu kingine. Mimi siamini hivyo, na historia ya visiwa hivi iko upande wangu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri kwenda kujifunza kupiga ganuni, na muziki aliourudisha ulikuwa wa kasri, wa watu waliokula kwa mkono wa Sultani. Lakini taarab haikubaki ndani ya kasri. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Nadi Ikhwan Safaa, chama ambacho mpaka leo kinapiga, na tangu hapo taarab ikawa mali ya watu wanaolipa ada wenyewe, wanaochangia nyuzi wenyewe, na wanaoamka asubuhi kwenda kutafuta riziki mahali pengine. Culture Musical Club iliyoanza mwaka 1958 ilikusanya watu wa aina hiyo hiyo. Kasri lilimalizika, na vyama vingalipo. Kwa maoni yangu sababu kubwa ni kwamba vyama havikumtegemea mlishaji mmoja. Kila mwanachama alikuja na riziki yake mfukoni, na mfuko mmoja ulipotoboka, mingine ilibaki.

Mtazameni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya watu waliolima na kufinyanga vyungu, na kabla hajajulikana kwa uimbaji alikuwa akivichukua vyungu hivyo kutoka shamba na kuja kuviuza mjini. Alihamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wapigaji wake kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliuzwa kwa njia hiyo. Waliomhusudu walimtungia maneno ya kumtweza, ambayo wazee wote humu wanayajua, wakiuliza kama si sauti yake angekula nini. Nimekuwa nikilifikiria swali hilo kwa muda mrefu, kwa sababu waliouliza walidhani wanamdhalilisha, na jibu lilikuwa kichwani mwake miaka yote ile alipokuwa akitembea njia ya Fumba na vyungu. Alikuwa akila kwa kazi ya mikono ya nyumba yao. Sauti ilimwongezea, haikumkuta mtupu.

Na aliyeandika maisha ya Siti, Shaaban Robert wa Tanga, ambaye sote tulimsoma skuli, naye alikuwa karani wa serikali, sehemu kubwa ya utumishi wake katika idara ya Forodha. Hapa kwetu, Mzee Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, alikuwa mvuvi, baharia na mchukuzi wa bandarini, na akatunga mashairi ambayo wasomi wa vyuo vikuu wanayachambua. Bibi yetu Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya muziki wa kimataifa, mwaka 2005 mbele ya dunia nzima, lakini katika mitaa ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu, wanawake walimjua kwa hina, kwa dawa za mitishamba na kwa usomo wa unyago muda mrefu kabla ya tuzo hiyo. Sauti yake ilitoka ndani ya kazi hizo. Mtu ambaye amewafunda wanawali kwa miaka na miaka, akiwaimbia mambo mazito ya maisha yao yanayokuja, hawezi kuimba mbele ya hadhira kama mtu aliyejifunzia wimbo ukumbini.

Hata hivyo masimulizi yetu ya taarab mara nyingi hutaja nani alipiga udi na nani alijibu beti za nani, na ni nadra yataje kwamba mpiga udi yule alikuwa fundi viatu. Linapotea jambo kubwa hapo, na sisi tunaweza kuliokoa kwa kalamu na safu moja ya karatasi.

Sasa niingie kwenye sababu ambayo mimi naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni wakati. Kila kazi katika visiwa hivi ina kalenda yake, na kalenda hizo hazifanani. Chama kisichojua kazi za watu wake hupanga mazoezi gizani, halafu hulalamika kwamba watu hawaji.

Tuanze na washoni, kwa kuwa wako wengi kati yetu. Sote tunataka onyesho la Idi liwe zuri kuliko yote ya mwaka, kwa sababu sikukuu ndipo watu wanapotoka na familia zao. Kwa kawaida yetu ala hutulia mwezi wa Ramadhani, na watu huanza kuzungumza habari za mazoezi katika kumi la mwisho. Lakini kumi la mwisho ndilo ambalo mshoni wa Mchangani au Darajani halali. Kanzu za watoto, magauni ya mama zao, sare za ukoo mzima, vyote vinatakiwa kabla ya mwezi kuandama, na wenye vitambaa huja na kukaa juu ya kiti kando ya cherehani mpaka nguo yao iishe. Kumwambia mtu huyo aje kwenye mazoezi saa nne usiku ni kumwambia avunje ahadi kwa wateja wanaomlisha mwaka mzima. Naye akija, huja na vidole vilivyochomwa sindano na macho yaliyochoka, na fidla yake inasikika hivyo. Kwa hiyo kama tunamtaka mshoni wetu Idi Mosi, nyimbo za Idi zinatakiwa ziwe zimeshakaa vidoleni mwezi wa Rajabu, kwa kuwa hata Shaaban nayo ina harusi zinazofuatana, na harusi nazo ni nguo.

Wakulima wa mwani wana saa nyingine kabisa, na saa hiyo haitazamwi ukutani. Kilimo hiki kilianza kwa biashara mwaka 1989 katika pwani ya Paje na Jambiani, na tangu mwanzo walioingia kwa wingi ni wanawake. Anayelima mwani anafuata bamvua, yaani siku za maji makubwa. Maji yanapokupwa sana, asubuhi kuelekea adhuhuri, yeye yumo baharini, maji yakimfika magotini au kiunoni, akifunga vitawi vipya kwenye kamba zilizokazwa kati ya vijiti, akivuna vilivyokua kwa wiki sita hivi, na akiviburura mpaka ufukweni vikiwa vizito kwa maji. Zikiisha siku hizo na kuingia maji mafu, bahari isipokupwa sana, shamba lake halifikiki, naye ana nafasi ya kuanika na kupumzika. Bamvua huja mara mbili katika kila mwezi mwandamo, na siku zake zinajulikana kabla ya mwaka kuanza. Nimesikia ikisemwa hapa ukumbini kwamba waimbaji wetu wa shamba si watu wa kutegemewa. Naomba neno hilo lisirudiwe tena, kwa sababu ukichukua kalenda ya mwezi ukailinganisha na siku walizokosa, utakuta walikosa siku za maji makubwa, na mtu anayefuata bahari kwa uaminifu namna hiyo ni wa kutegemewa kuliko wengi.

Wavuvi wa dagaa ni kinyume chao. Wao hutoka usiku na taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo siku za mwezi mpevu huwa nyumbani. Kwa wavuvi wetu, basi, mazoezi bora ni ya usiku wa mwezi, na kama mnavyoona, siku za mwezi mpevu zinaangukia pale pale penye bamvua, ambapo mkulima wa mwani ameshinda baharini na usiku anataka kulala. Hatuwezi kuwapata wote wawili kwa usiku mmoja wakiwa na nguvu sawa. Tunaweza kufanya mazoezi ya ala siku za mbalamwezi na mazoezi ya waitikiaji siku za maji mafu. Jambo hilo ni jepesi ukishajua nani ni nani.

Wageni wetu wa Pemba wataniunga mkono kuhusu karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka kwao, na msimu ukifika kisiwa kizima kinahamia mashambani. Zimewahi kufika nyakati hata skuli zikafungwa ili watoto wasaidie kuchuma. Kazi haiishii mtini. Karafuu zikishateremshwa huchambuliwa, kwa mikono, karafuu upande mmoja na kikonyo upande mwingine, na kuchambua huko hufanywa usiku, nyumba nzima ikiwa imezunguka lundo moja, ili kupambazuke zianikwe. Usiku ndio wakati wetu wa taarab. Chama cha Wete kikipanga safari ya kuja kwetu katikati ya mzao hakitapata hata wapigaji wa kujaza gari moja, na hapana wa kumlaumu, kwa kuwa fedha zitakazolipwa na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kwa karafuu hizo ndizo zitakazomsomesha mtoto na kuezeka banda. Mashirikiano yetu na wenzetu wa Pemba yamekwama mara nyingi kwa sababu sisi wa mjini hatukuuliza msimu.

Wa hoteli nitawapitia haraka. Wao wana zamu zinazobadilika na hawazipangi wenyewe. Nafasi yao kubwa ni wakati wa masika, wageni wanapopungua na baadhi ya hoteli kufunga milango, lakini wakati huo ndio pia wanapokosa nauli ya kuja mjini. Hili la nauli nitalirudia nitakapozungumzia fedha.

Mbali na wakati, kuna maarifa. Mwaka jana kigingi kimoja cha kukazia nyuzi kwenye udi wetu wa zamani, ule uliotolewa wakfu na marehemu mzee wetu, kilipasuka. Kilichobaki kilikuwa kikiteleza. Ukiukaza uzi, baada ya beti mbili umeshalegea. Watu walizungumza habari za kuagiza kutoka nje. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye huja, hupiga rika yake, ile tari ndogo, na kuondoka bila maneno mengi, alikichukua kigingi kilichopasuka akakigeuzageuza, akauliza kama anaweza kwenda nacho. Wachache walikuwa wanajua kwamba mchana anachonga milango na makasha. Alirudi na kigingi kipya kilichochongwa kutoka kipande cha mti mgumu kilichobaki kwenye kazi ya mlango, kimechongoka taratibu kuelekea ncha, na ameking'arisha mpaka kinateleza mkononi. Alikiingiza kwenye tundu, akakizungusha mara moja, akakitoa, akatazama mahali palipong'aa kwa kusuguana, akapapunguza kwa msasa kwa uangalifu mkubwa, akajaribu tena. Alirudia hivyo mpaka kigingi kikakaa tundu zima bila kuachia. Kisha akapaka chokaa kidogo ya ubao, ile ninayoandikia mimi skuli, ili kishike. Udi ule unapigwa leo, na mtausikia usiku huu kwa masikio yenu.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu kijana huyo alikuwa amekaa nasi muda wote ambapo tulikuwa tukitafuta fundi wa udi. Tungekuwa na safu ya kazi katika daftari, mtu wa kwanza kufunua ukurasa angemwona. Vivyo hivyo tunakodi fundi wa umeme kila tunapotoka nje, na mwanachama mwenzetu ni fundi wa umeme mwenye leseni. Mtu anapougua katikati ya safari tunapiga simu huku na huku, na muuguzi amekaa nasi katika gari. Sisemi chama kiwatumie watu hawa bure. Mtu anayekula kwa kazi yake anastahiki kulipwa kwa kazi hiyo hata na ndugu zake. Ninachosema ni kwamba fedha ambayo ingekwenda kwa mtu wa nje inaweza kubaki miongoni mwetu, na kazi ikafanywa na mtu anayejua kwamba nyuzi za ganuni ni zaidi ya sabini na kwamba hazipendi kutikiswa.

Sasa nije kwenye fedha, ambako najua hatukubaliani sote, na ninaheshimu tofauti hiyo.

Vijana wetu kadhaa wamepita katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofungua milango mwaka 2002 na kuweka madarasa yake katika nyumba ya zamani ya Forodha pale Mizingani. Wamesoma nota, wamejifunza maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kwa utaratibu, na wanapiga vizuri kuliko tulivyokuwa tukipiga sisi katika umri wao. Wanauliza, kwa haki kabisa, kwa nini wasiishi kwa muziki. Tangu tamasha la Sauti za Busara lianze mwaka 2004 wamekuwa wakiona karibu kila Februari wanamuziki wa nchi nyingine wanaoishi kwa kazi hiyo peke yake. Wanaona pia taarab ya kisasa ya kinanda, iliyoshika nguvu tangu miaka ya 1990, ambamo kundi dogo linaweza kujaza ukumbi na kila mtu akarudi nyumbani na kitu cha maana.

Jibu langu kwao ni la hesabu, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu. Malipo ya harusi moja au usiku mmoja wa hoteli yakigawiwa watu watano yanaweza kuitwa kipato. Yakigawiwa safu nzima ya fidla, ganuni, udi, kodiani, nai, besi, dumbaki, rika, waimbaji na waitikiaji, yanakuwa nauli na chakula cha usiku. Anayetaka kuishi kwa muziki peke yake hapa Zanzibar atasukumwa kupunguza watu jukwaani mpaka fungu lake litoshe, na wa kwanza kuondolewa watakuwa waitikiaji na fidla za pili, yaani ule ule wingi wa sauti unaoifanya taarab asilia iwe taarab asilia. Okestra kubwa inasimama kwa sababu wapigaji wake hawaitegemei kwa unga wa kesho. Kazi zao za mchana ndizo zinazolipia safu ya fidla. Ndiyo maana siwezi kumsikiliza mtu akiziita kazi hizo kikwazo.

Lakini simwambii kijana aache kutafuta malipo. Akipiga hotelini na wenzake watatu siku ambazo chama hakina shughuli, hiyo ni kazi yake ya mchana kama kazi nyingine, hata ikifanywa usiku, na iandikwe katika safu hiyo hiyo: mpigaji wa hotelini. Wapo wazee wanaoona kufanya hivyo ni kuuza mali ya chama. Naomba, kwa adabu zote, nitofautiane nao. Mshoni hashutumiwi kwa kushona nje ya ukumbi, na aliyejifunza udi akautumia kulisha watoto hajamwibia mtu, mradi siku ya chama aje na udi wake, na nyimbo za chama asiziuze kwa jina lake.

Na kuhusu tunzo, fedha wanazotoa watazamaji wanapoinuka kumtunza mwimbaji, utaratibu wetu wa kuzitia katika kisanduku cha chama uendelee. Ninachoomba ni kwamba sehemu ya kisanduku hicho itengwe kwa nauli ya wanaotoka mbali wakati kazi zao zimelala: wa hoteli wakati wa masika, wavuvi wakati wa upepo mkali. Bila ya kujua kazi zao hatuwezi kujua ni lini zimelala.

Kuna jambo la mama zetu na dada zetu, na hapa nitasema kwa uzito wote nilio nao. Katika karatasi nyingi za ofisi mwanamke akiulizwa kazi huandikiwa mama wa nyumbani, mara nyingi na mtu ambaye hakumsikiliza. Nisingependa neno hilo liingie katika daftari letu kwa urahisi huo. Mwenzetu anayeshona kofia za viua anakaa na kofia moja kwa wiki nyingi, akizungushia uzi kila tundu, na kofia hiyo inauzwa kwa bei ambayo mwanamume anayeivaa anajivunia kuitaja; huyo ni mshoni wa kofia. Anayesuka mikeka ya ukindu, akauchemsha na kuutia rangi mwenyewe, ni msusi wa mikeka. Anayeamka saa tisa za usiku kuumua unga ni mpishi na mfanyabiashara. Vyama vya taarab vya wanawake vya zamani, ambavyo bibi zetu walivijaza kwa mashindano ya sare na maneno ya mafumbo, viliendeshwa kwa fedha zilizotoka katika kazi za namna hii, kofia kwa kofia na mkeka kwa mkeka, na wanawake hao hawakungoja mtu wa kuwalipia sare. Mwanamke ambaye kazi yake ni kulea na kuitunza nyumba yake, naye akataka iandikwe hivyo, iandikwe hivyo kwa heshima. Ila aseme mwenyewe. Katibu asimjazie.

Kwa upande wa pili, najua kwamba kuulizwa kazi kunaweza kumuumiza mtu. Wapo vijana ambao wametafuta kazi miaka na hawajapata. Wapo ambao kazi zao zinadharauliwa mitaani, ingawa dini yetu na akili yetu vinatuambia kwamba riziki ya halali haina aibu. Wapo wazee waliostaafu. Kwa hiyo pendekezo langu lina masharti. Asiyetaka kuandikwa aachiwe nafasi wazi, na asiulizwe mara ya pili. Mstaafu aandikwe kazi aliyoifanya, kwa kuwa maarifa hayastaafu pamoja na mshahara. Anayetafuta kazi aandikwe fani aliyosomea au anayoiweza, ili mwanachama mwenye nafasi dukani au karakana amwone. Tumekwisha kuona ndugu wawili humu wakipata ajira kupitia mtu waliyekaa naye kiti kimoja. Na safu hiyo isitumike kamwe kupanga watu kwa daraja, wala kuamua nani akae mbele. Viti vyetu hupangwa kwa ala.

Mwenyekiti, utekelezaji wake si mgumu. Nimepiga mistari ya kurasa mpya, na ziko hapa mezani. Ninaomba kazi ya kuandika ifanywe na watu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wakae na kila mwanachama kwa dakika chache, wamuulize anafanya kazi gani, miezi au siku gani kazi hiyo inambana, na siku gani inamwachia. Maswali matatu tu. Kwa wenzetu wa shamba wasiitwe mjini. Waandikaji wawafuate Makunduchi, Jambiani na Mkokotoni, na nauli yao itoke katika kisanduku. Daftari likishajaa, kamati ya mazoezi ikae nalo pamoja na kalenda ya mwezi mwandamo, na ratiba ya kuelekea Idi itoke humo. Wenzetu wa Pemba wameomba nakala ya kurasa tupu wafanye kama sisi, nami nimewatayarishia.

Naliweka pendekezo hili mbele ya mkutano, na ninaomba mwanachama mmoja aliunge mkono ili lipigiwe kura kabla hatujaanza kutia ala sauti.